Tathmini ya kapsuli ya Nakagin: bolti nne za Kisho Kurokawa na ahadi ya miaka 25

Bidhaa hii iliingia sokoni mara moja tu, mwaka 1972, katika eneo la Ginza jijini Tokyo. Zilitengenezwa 140 kwa ajili ya jengo moja, mnara wa Nakagin, kisha kiwanda hakikutengeneza tena. Ni chumba kizima cha chuma kilichotoka kiwandani na kitanda, bafu, televisheni na simu vikiwa vimeshafungwa ndani. Kreni ilikinyanyua, mafundi wakakifunga kwenye mnara wa zege kwa bolti nne, na mwenye chumba akahamia na sanduku lake la nguo. Aliyekisanifu ni Kisho Kurokawa, aliyetimiza miaka 38 mwaka huo. Jengo lilibomolewa mwaka 2022, lakini kapsuli 23 ziliokolewa na baadhi zinaonyeshwa kwa umma, kwa hiyo bado inawezekana kuingia, kugusa na kupima.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Chumba chenyewe ni kazi bora, na kwa udogo wake ni vichache vilivyofikiriwa vizuri hivyo. Kasoro ziko nje ya chumba: katika nafasi kati ya kapsuli na kapsuli, katika mabomba yaliyopita nyuma yake, na katika hati za umiliki. Wanunuzi waliambiwa kwamba kapsuli ingetumika miaka kama 25, kisha ingefunguliwa na mpya kufungwa mahali pake. Katika miaka 50 ya jengo lile, hakuna hata moja iliyobadilishwa.

Kwa ndani, kapsuli ina upana wa mita 2.3, urefu wa mita 3.8 na kimo cha mita 2.1. Aliyewahi kuingia ndani ya kontena la futi 20 akate theluthi moja ya urefu wake, aache upana ulivyo na kushusha dari kidogo, picha ataipata. Ukuta mmoja wa ubavuni wote ni kabati lililojengewa: meza ya kukunjua, televisheni ya Sony, redio, saa, simu, kikokotoo, na kwa aliyetaka zaidi, mashine ya kanda za mduara. Kitanda kiko mwisho wa chumba, chini ya dirisha. Bafu liko kwenye kona, karibu na mlango: choo, beseni na sehemu ya kuogea vimeunganishwa kama kitu kimoja cha plastiki, kwa mtindo wa choo cha ndege. Friji ndogo ipo. Jiko halipo.

Kukosekana kwa jiko hakukuwa kusahau. Mnunuzi aliyelengwa alikuwa mfanyakazi wa kampuni aliyeishi mbali na mji, aliyehitaji mahali pa kulala siku za kazi, na Ginza na jirani yake Shimbashi zimejaa migahawa. Chini kwenye mapokezi kulikuwa na huduma za ukatibu na za kufuliwa nguo. Kapsuli iuzwe kwa mtu wa namna hiyo, na orodha ya vifaa inatosha kabisa. Iuzwe kwa mtu anayetaka kuishi humo mwaka mzima, na kasoro ya kwanza itajitokeza wiki ya kwanza.

Ubora wa usanifu wa ndani uko katika mkono wa binadamu. Ukikaa ukingoni mwa kitanda, karibu kila swichi na kila droo inafikika bila kusimama. Hakuna kona iliyoachwa bila kazi, na pembe za mbao zilizopakwa rangi nyeupe zimelainishwa ili mtu asijigonge. Dirisha ni duara lenye kipenyo cha mita 1.3, na pazia lake la awali lilikuwa la karatasi iliyokunjwa mfano wa upepeo, likizunguka kwenye kitovu katikati ya kioo hadi liifunike duara yote. Ni kifaa kizuri mno, na pia ni dhaifu. Mengi yalichanika mapema na wakazi wakaweka mapazia yao.

Dirisha lile halifunguki, nalo ndilo kosa tunalolihesabu kuwa la kwanza kwa uzito ndani ya chumba. Hewa yote ilitegemea mfumo wa pamoja wa kiyoyozi uliopita kwenye mhimili wa jengo. Mfumo ulipochoka, mkazi alibaki ndani ya sanduku la chuma lililozibwa, mwezi wa nane, katika joto la Tokyo. Waliobaki walitoboa na kufunga viyoyozi vyao wenyewe, kila mmoja kwa namna yake, na kila tundu jipya likawa mlango mpya wa mvua.

Sasa utengenezaji, maana hapo ndipo ilipo siri ya sifa zake na ya kifo chake pia.

Kwanza ilijengwa minara miwili ya mhimili, mmoja wa ghorofa 11 na mwingine wa ghorofa 13, kwa fremu ya chuma na zege. Kila mmoja una lifti yake na ngazi zinazoizunguka, na mabomba yanapanda humo. Wakati huohuo, kapsuli zilikuwa zikiundwa katika kiwanda cha mkoa wa Shiga, kilomita zipatazo 450 kutoka Tokyo, na kampuni iliyozoea mabehewa ya treni. Fremu ni ya vyuma vyepesi vilivyochomelewa, ngozi ya nje ni mabati mazito yaliyopakwa zinki kisha rangi ya kupulizia. Vifaa vya ndani vilifungwa hukohuko kiwandani. Malori yalizileta mjini, kreni ikazipandisha, na kila moja ikaning'inizwa kwenye mhimili kwa bolti mbili juu na mbili chini. Mafundi wa bomba na wa umeme wakaja nyuma yao kuunganisha. Kupandisha kapsuli zote kulichukua siku zipatazo 30, yaani wastani wa karibu tano kwa siku. Kwa kasi na kwa usafi wa eneo la kazi, hata leo makandarasi wengi wangeona wivu.

Bolti nne ndizo zilizonadiwa. Kila maelezo ya jengo hili yanazitaja, na ni kweli kwamba spana na kreni zilitosha kuifunga kapsuli. Kufungua ni habari nyingine. Kati ya kapsuli na jirani yake kuna upenyo wa sentimita 30 hivi, na kapsuli hutolewa kwa kuvutwa nje kisha kunyanyuliwa na kreni kwa juu. Iliyoko ghorofa ya nne ina wenzake juu yake. Kwa vitendo, ili kuitoa hiyo moja, ni lazima kwanza kuzishusha zilizo juu yake zote, pamoja na wakazi wao, vitu vyao na maunganisho yao ya maji. Mfuatano wa kufunga ulikuwa chini kwenda juu, na mfuatano wa kufungua ungelazimika kuwa juu kwenda chini. Kapsuli iliyosifiwa kwa kubadilishwa mojamoja ilikuwa, kwa kweli, tofali ndani ya ukuta.

Halafu mabomba. Maji baridi, maji moto, maji taka na mifereji ya hewa vilipita kwenye nafasi nyembamba kati ya mgongo wa kapsuli na mhimili. Kapsuli ikishafungwa, nafasi ile haiingiki. Bomba likipata kutu, fundi analifikia kwa kuvunja ukuta wa ndani, au halifikii kabisa. Mwaka 2010 maji moto yalikatika jengo zima na hayakurudi. Waliobaki walitumia bafu la pamoja lililowekwa chini. Ukitaka kujua afya ya jengo lolote la vyumba vilivyotengenezwa kiwandani, uliza kwanza bomba la maji taka linafikiwa kutoka wapi. Swali hilo moja lingewaokoa wanunuzi wa 1972 kuliko brosha nzima.

Mvua nayo ina hesabu yake. Katika fleti za kawaida, chumba kimoja hukinga kingine: dari ya huyu ni sakafu ya yule, na paa ni moja. Kapsuli 140 zilizoachana sentimita 30 zina paa 140, na kila moja ina kuta zinazopigwa na maji pande karibu zote. Kila kiungo kilizibwa kwa gundi ambayo hukauka na kupasuka zamani sana kabla chuma hakijachoka. Kuipaka upya kunahitaji jukwaa la mafundi nje ya jengo zima, maana hakuna anayeweza kupitisha mkono na mwili kwenye upenyo ule. Matengenezo yasipofanyika, maji huingia nyuma ya bati, zinki huisha, kutu huanza kutoka ndani kuja nje, na mwenye chumba huiona siku godoro linapolowa. Miaka ya mwisho jengo lilivikwa wavu ili vipande visianguke juu ya wapita njia.

Ongeza asbestosi. Ilitumika kukinga chuma dhidi ya moto, kama ilivyokuwa kawaida ya wakati ule. Maana yake ni kwamba kila ukarabati wenye kukata au kutoboa ulitakiwa kufuata taratibu za vumbi la hatari, na gharama ikapanda. Jengo lilikuwa pia la kabla ya kanuni mpya za tetemeko la ardhi za Japani za mwaka 1981. Jambo hilo halikuwa kosa la kapsuli, lakini lilikuwa hoja rahisi mikononi mwa waliotaka kubomoa.

Yote haya yangeweza kutibiwa kwa fedha. Hapo tunafika kwenye hati. Kila kapsuli iliuzwa kwa mmiliki wake. Chini ya sheria ya Japani ya majengo ya umiliki wa vyumba, kubomoa na kujenga upya kulitaka kura za wamiliki nne katika kila watano. Na kubadilisha kapsuli zote kwa mkupuo kulitaka wamiliki wengi watoe fedha nyingi kwa wakati mmoja. Miaka 25 ilitimia mwaka 1997, uchumi wa Japani ukiwa umeshaporomoka kutoka kilele cha miaka ya 1980. Baadhi ya kapsuli zilikuwa ofisi, nyingine ghala la vitabu, nyingine tupu. Nani angechangia? Na hata wangechanga, ni kiwanda gani kingewauzia? Hapakuwa na mtu aliyekuwa akitengeneza kapsuli ya pili. Kifaa kinachoahidi kubadilishwa lazima kiwe na duka la vipuri, na hili halikuwapo tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2007 kura ya kubomoa ilipita. Kurokawa alipinga na kupendekeza minara ibaki na kapsuli zibadilishwe, kama alivyosema tangu mwanzo. Alifariki Oktoba mwaka huohuo. Mkandarasi aliyetarajiwa kujenga jengo jipya alifilisika, na mambo yakasimama mwaka baada ya mwaka, huku kikundi cha wamiliki na wapangaji wakijaribu kununua kapsuli mojamoja ili kuzuia ubomoaji. Mwaka 2021 jengo liliuzwa, na Aprili 2022 kazi ya kulibomoa ikaanza.

Watetezi wa Kurokawa hupenda kutaja hekalu la Ise, ambalo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya 62 ikiwa mwaka 2013. Mfano huo una nguvu, na yeye pamoja na wenzake wa kundi la wasanifu lililoitwa Umetaboli walichota humo. Lakini tuutazame kama fundi anavyotazama. Ise ina kiwanja cha pili kando ya cha kwanza, hivyo jipya husimama kabla la zamani halijaondoka. Ina mwenye mali mmoja. Ina misitu ya miti iliyotengwa kwa ajili yake, na maseremala wanaorithishana kazi kwa sababu miaka 20 ni mifupi kiasi cha mzee kumfundisha kijana. Nakagin ilikuwa na kiwanja kimoja katikati ya Ginza, wamiliki wengi, kiwanda kilichofunga hesabu, na muda wa miaka 25 ambao fundi aliyefunga bolti ya kwanza angekuwa amestaafu. Walichukua umri wa Ise, wakaacha utaratibu wake.

Kosa hili lina asili katika njia aliyopitia msanifu mwenyewe. Kurokawa alizaliwa mwaka 1934 Kanie, mkoa wa Aichi, akasoma Chuo Kikuu cha Kyoto, kisha akaingia maabara ya msanifu Kenzo Tange katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Mwaka 1960, kwenye mkutano wa dunia wa usanifu uliofanyika Tokyo, alikuwa mdogo kuliko wenzake wengi waliotangaza Umetaboli: miji na majengo yakue na kubadilisha viungo vyake kama mwili unavyobadilisha chembe. Miaka kumi alichora miji ambayo haikujengwa. Kisha likaja Onyesho la Dunia la Osaka la 1970, na hapo aliweza kusimamisha kitu: banda la Takara Beautilion, fremu ya mabomba ya chuma yenye kapsuli zilizopachikwa ndani, likiunganishwa kwa takriban wiki moja. Torizo Watanabe, mkuu wa kampuni ya Nakagin, aliliona na kumpa kazi ya Ginza.

Tunadhani hapo ndipo ahadi ilipozidi uzoefu. Banda la maonyesho huishi miezi sita, halina mkazi anayeoga kila asubuhi, na mwisho wake linavunjwa lote kwa mkupuo na mwenye mali mmoja. Halikuwa limejaribu kitu kimoja cha lazima: kuondoa kipande kimoja wakati vingine vimebaki.

Ukitaka kuwa mwadilifu kwa Kurokawa, linganisha bidhaa zake nyingine za mkondo uleule. Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia ya Osaka, yaliyofunguliwa mwaka 1977 ndani ya uwanja wa onyesho lile, yamejengwa kwa vitalu vinavyojirudia, kila kimoja na ua wake. Yalipanuliwa mara kadhaa kwa kuongeza vitalu, na mgeni asiyeambiwa hawezi kuona mshono. Ardhi ilikuwa tele na mwenye mali ni mmoja. Mnara wa Sony wa Osaka, wa 1976, ulibeba vyumba vya kapsuli kwa nje kwa fahari ileile ya Nakagin, ukabomolewa mwaka 2006. Nyumba yake ya mapumziko, Capsule House K, huko Miyota mkoani Nagano, ina kapsuli nne tu kwenye mhimili mmoja, zikiwemo ya jikoni na ya chai. Ingali imesimama na imekarabatiwa kwa ajili ya wageni wanaolala kwa kulipa.

Lakini iliyofaulu kuliko zote ni ile ambayo wapenzi wa usanifu huipa sentensi moja. Capsule Inn ya Osaka ilifunguliwa mwaka 1979, hoteli ya kwanza ya kapsuli duniani. Kapsuli yake ni ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, kubwa kuliko godoro kwa kiasi kidogo tu: upana wa mita moja hivi, kimo mita moja, urefu mita mbili. Ndani kuna taa, redio, televisheni ndogo na kitanda. Hakuna bomba hata moja. Choo na bafu ni vya pamoja, mwisho wa korido, mahali fundi anapofika kwa kufungua mlango. Mvua haiigusi kwa sababu iko ndani ya jengo la kawaida. Ikivunjika, mwenye hoteli huitoa na kununua nyingine, kama meza. Mtindo huo ulienea Japani yote na baadaye nje yake. Kwa macho yetu, hii ndiyo Nakagin iliyosahihishwa: maji yakatolewa nje ya kapsuli, hati ikabaki kwa mtu mmoja, na sokoni pakawa na mtengenezaji anayeendelea kuziuza.

Kazi zake za baadaye zinaonyesha kwamba alihama. Alizungumza zaidi juu ya kuishi pamoja kwa vitu tofauti, cha zamani na kipya, cha mtu na cha asili, kuliko juu ya vipuri. Uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur wa 1998 una paa la vipande vinavyojirudia juu ya nguzo, na msitu uliopandwa katikati ya majengo. Jengo jipya la Makumbusho ya Van Gogh huko Amsterdam ni la 1999. Kituo cha Taifa cha Sanaa cha Tokyo, kilichofunguliwa Januari 2007, kina ukuta wa kioo unaopinda kama wimbi na hakina mkusanyiko wake wa kudumu: kumbi zake ni za kupanga na kupangua kila maonyesho mapya yakija. Vinavyobadilishwa humo ni kuta nyepesi za maonyesho, na wanaozibadilisha wapo kazini kila wiki.

Kwa anayetaka kuiona kapsuli yenyewe, pa rahisi zaidi ni bustani ya Kita-Urawa, nje ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya Saitama, jengo la Kurokawa pia, la 1982. Kutoka stesheni ya Kita-Urawa, mlango wa magharibi, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kapsuli iliyopo pale ni ya kielelezo, na hutazamwa kupitia dirishani. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya San Francisco yana moja, na ya New York yana nyingine, namba A1305 ya ghorofa ya juu, iliyorudishwa na vifaa vyake vya awali na kuanza kuonyeshwa Julai 2025. Mjini Tokyo, kampuni ya Shochiku ilifungua ukumbi uitwao SHUTL mwaka 2023 wenye kapsuli mbili, moja imerudishwa ilivyokuwa na nyingine imeachwa chuma kitupu. Thibitisha ratiba kabla ya kwenda, na kama una nafasi ya kuchagua, chagua ile ya chuma kitupu. Piga picha ya dirisha kama kila mtu, kisha zunguka mgongoni mwake, tafuta mahali pa bolti nne na matundu ya mabomba, na upime kwa kiganja ni nafasi kiasi gani fundi aliachiwa.